Nyumba kongwe ya mawe katikati ya mji wa Tanga: tuikarabati vipi ili iwe ya jamii?

Mkaazi wa Mjini (Tanga) ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninaomba ushauri wenu, hasa wale mliowahi kushiriki katika ukarabati wa majengo ya zamani, iwe kwa usanifu, kwa ufundi au kwa usimamizi wa fedha.

Katika mitaa ya kati ya mji wetu, ile iliyojengeka wakati reli ya Usambara, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893, pamoja na mashamba ya mkonge vilipokuwa vikiuneemesha mji, ipo nyumba ya ghorofa moja ambayo kwa sasa haikaliwi na mtu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko, na mbele ina roshani ya mbao inayotazama barabara. Chini palikuwa na maduka matatu, na juu waliishi wenye maduka hayo na baadaye wapangaji wa kila namna. Bati limetoboka upande wa nyuma. Boriti za chumba kilicho chini ya tundu hilo zimepinda katikati, na pale zinapoingia ukutani ukizichoma kwa bisibisi inazama bila upinzani wowote. Ukuta wa mbele ulipigwa lipu ya saruji zamani, na lipu hiyo sasa inabambuka vipande vipande, ikiacha juu ya mawe unga mweupe ambao ukiuonja ni chumvi tupu.

Sisi ni kikundi cha wakazi: walimu wastaafu, wafanyabiashara wadogo, vijana wa sanaa na mafundi wawili. Tungependa nyumba hii iwe na maktaba ya watoto ghorofani, ukumbi mdogo wa mikutano chini, na chumba cha kuhifadhi picha na kumbukumbu za mji. Taasisi ya umma inayoimiliki imetuandikia barua ya kuturuhusu tuitumie, na mfadhili mmoja ameahidi kugharimia ukarabati, ila ameweka wazi kwamba hatalipia uendeshaji. Mkandarasi aliyekuja kuitazama anapendekeza tubandue lipu yote na kupiga mpya ya saruji, tuondoe boriti na kumwaga zege la nondo, na madirisha ya mbao yawe ya alumini. Anasema kwa njia hiyo nyumba itadumu miaka mingi, na bei yake ni ndogo kuliko tulivyotarajia.

Je, pendekezo hilo linafaa kwa nyumba ya aina hii? Je, barua tuliyopewa inatosha? Na nyumba itajiendesha vipi baada ya mfadhili kuondoka? Wenzangu wanataka kazi ianze kabla ya masika, nami sina hakika kama haraka hiyo ina heri.

Msanifu wa Mji Mkongwe (Unguja) amejibu:

Ndugu Mkaazi, nianze na mkandarasi, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kuwaharibia nyumba kabla hamjafika kwenye mengine. Msilikubali pendekezo lake, hata kama bei yake ingekuwa nusu ya hiyo.

Ukuta wa matumbawe na chokaa huishi kwa kupumua. Jiwe lenyewe limejaa vitundu, hivyo hunyonya maji kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, kisha huyaachia taratibu kupitia lipu ya chokaa ambayo nayo ina vitundu. Ukiufunika kwa saruji, maji hayo hukosa pa kutokea, yakakaa ndani na kupanda juu zaidi ya pale yalipozoea kufika, huku chumvi iliyomo ikigeuka chembe ngumu nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ibambuke. Huo unga ulioonja ndio ushahidi wenyewe: ukuta wenu wa mbele umekwisha kulijaribu pendekezo la mkandarasi, na majibu yake mnayaona. Isitoshe, saruji ni ngumu kuliko ukuta unaoibeba. Ukuta wa chokaa husogea kidogo kidogo kwa joto na kwa unyevu, na chokaa husogea nao. Saruji haisogei, hupasuka, na kila ufa unakuwa mlango mpya wa maji.

Zege la nondo ni hatari zaidi. Kuta hizi hazikusimamishwa juu ya misingi ya zege wala hazina nguzo ndani yake. Zinasimama kwa unene wao, ambao aghalabu ni nusu mita na kuzidi, na kwa kuwa boriti zinazifunga pamoja kutoka upande mmoja hadi wa pili. Anayeziondoa boriti zote kwa mara moja ameondoa kifungo, na anayemwaga zege mahali pake ameongeza mzigo juu ya ukuta uliokwisha kulowa. Sipendi kumtisha mtu, lakini Beit el-Ajaib, jumba la hapa Unguja lililojengwa na Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Jengo lililovuja kwa miaka mingi laweza kuwa la hatari zaidi siku mnapoanza kuligusa kuliko siku zote mlizoliacha. Kwa hiyo kabla fundi hajapandisha nyundo, chumba kile cha nyuma kiwekewe mirunda ya kutosha chini ya boriti, na mtu yeyote asikae chini yake wala juu yake.

Baada ya hapo, shughulikieni maji. Zibeni bati, wekeni mifereji ya kupokea maji ya mvua na kuyapeleka mbali na ukuta, kaguni mabomba ya zamani ya choo na bafu ambayo mara nyingi ndiyo yanayovuja ndani ya ukuta bila mtu kujua, na ng'oeni mimea iliyoota kwenye nyufa. Kazi hii ni ya bei nafuu na haina sifa, hakuna mgeni rasmi atakayekuja kukata utepe wa mfereji, lakini ndiyo inayoiokoa nyumba. Ikiwa mnataka jambo la kufanya kabla ya masika, basi ni hili, na lipu iache. Ukuta uliolowa unahitaji muda mrefu wa kukauka kabla haujapokea lipu mpya.

Wakati ukikauka, pimeni nyumba na kuichora, chumba kwa chumba, na piga picha kila mlango, kila bawaba, kila nakshi ya roshani. Boriti zikaguliwe moja moja. Kwa kawaida kinachooza ni ncha iliyo ndani ya ukuta wenye maji, au ile iliyoliwa na mchwa, huku sehemu kubwa ya katikati ikiwa bado nzima. Boriti kama hiyo yaweza kuungwa au kusaidiwa na nyingine pembeni yake, bila kutupwa. Zile ambazo lazima zibadilishwe zibadilishwe chache chache, na mbao mpya zipatikane kwa kibali, kwa sababu mikoko ni msitu wa hifadhi na kuikata bila ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu ni kosa. Msione ajabu kwamba vyumba vyenu ni vyembamba na virefu: urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ambao aghalabu hauzidi mita tatu. Mkibomoa ukuta wa kati ili mpate ukumbi mpana, mmebomoa kile kinachobeba ghorofa.

Kuhusu chokaa, watu wa Tanga mna bahati, kwani mapango ya Amboni yenyewe yamo katika mwamba wa chokaa, na chokaa huchomwa huko kwenu. Msitumie ile ya kuchoma matumbawe yaliyovunjwa baharini. Chokaa iliyochomwa irowekwe kwenye shimo au pipa na iachwe ikiwa imefunikwa kwa maji, wiki kadhaa kwa uchache, na ikiwezekana miezi. Fundi avae miwani, kwa maana inapokutana na maji huchemka na tone moja laweza kulipofua jicho. Kisha ichanganywe na mchanga safi usio wa pwani, kwa kawaida sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, ipigwe kwa matabaka membamba, na kila tabaka linyunyiziwe maji na kukingwa na jua ili lisikauke haraka. Chokaa haigandi kwa saa chache kama saruji. Hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani, polepole, na fundi asiyejua hilo ataona imemchelewesha na kuichanganya na saruji kwa siri. Mkae naye.

Mafundi wa namna hii wanaweza kufunzwa. Hapa Unguja, Zahanati ya Kale ya Mizingani, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa ufadhili wa tajiri Tharia Topan, ilikuwa imechakaa vibaya mpaka Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipoichukua mwaka 1990 na kumaliza kuikarabati mwaka 1996. Kazi ile ilitumika pia kuwafunza waashi na maseremala, na ufundi huo ulibaki mjini baada ya majukwaa kushushwa. Mwombeni mfadhili wenu aweke fungu la mafunzo ndani ya bajeti, hasa kwa kuwa mnao mafundi wawili tayari na vijana wanaotafuta kazi ya mikono.

Jambo moja la mwisho, nalo ni zito kwa maana yake halisi. Mnataka maktaba ghorofani. Rafu ya mita moja iliyojaa vitabu yaweza kufika kilo 30, kwa hiyo kabati la rafu tano linasimama na zaidi ya kilo mia moja juu ya eneo dogo la sakafu, na makabati kumi yakipangwa sambamba katikati ya chumba yanazielemea boriti pale zilipo dhaifu. Vitabu viwekwe chini, juu ya ardhi, na ghorofani wakae watu, meza na viti. Ikiwa lazima kabati liende juu, lisimame kandokando ya ukuta, karibu na ncha za boriti, baada ya mhandisi aliyesajiliwa kukagua na kuandika mzigo unaoruhusiwa.

Karani wa Hati (Dar es Salaam) amejibu:

Nawaachia wenye ufundi mambo ya chokaa. Kuhusu barua: haitoshi, na nawasihi msitumie shilingi ya mfadhili katika nyumba ambayo mnaishikilia kwa barua.

Majengo mengi ya katikati ya miji ya Tanzania Bara yana historia ndefu ya umiliki. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na kuzidi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 shughuli zake zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mengine yalirejeshwa kwa wenyewe, mengine yakahamishiwa taasisi mbalimbali, na mengine ni ya wakfu au ya warithi ambao hawajawahi kugawana. Anayewapa ruhusa leo anaweza kuwa na jengo bila kuwa na hati. Fanyeni upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati, mjue jina lililoandikwa humo ni la nani na kama kuna rehani au zuio la mahakama.

Mkisharidhika, ombeni mkataba wa upangaji wa muda mrefu, uliosajiliwa, unaosema bayana nani anatengeneza paa, nani analipa kodi ya ardhi na bima, mnaruhusiwa kupangisha sehemu ya jengo au la, na mtafidiwa nini mkiondolewa kabla ya muda. Kipengele hicho cha mwisho ndicho watu husahau. Nyumba mbovu haigombewi na mtu, ila ikishapakwa chokaa nyeupe na roshani ikang'aa, wenye nayo huongezeka ghafla.

Mkataba lazima uwe na mtu wa kuusaini kisheria. Kikundi chenu, kama bado ni kikundi tu, hakiwezi kumiliki haki hiyo kwa jina lake. Sajilini bodi ya wadhamini RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, au fuateni njia nyingine ya usajili inayowafaa, kisha akaunti ya benki na mkataba viwe kwa jina hilo, visiwe kwa jina la mwenyekiti. Halmashauri nayo itawadai kibali cha ujenzi hata kwa ukarabati wa namna hii.

Kuhusu ulinzi wa kisheria, wengi hudhani kila jengo la zamani linalindwa lenyewe. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba iliyojengwa zama za reli iko nje ya mstari huo, na hulindwa pale tu inapotangazwa na waziri mwenye dhamana. Waandikieni Idara ya Mambo ya Kale mapema kuuliza hali yake. Ikiwa imetangazwa, hamwezi kuigusa bila ridhaa yao. Ikiwa haijatangazwa, bado ni vyema mkapata ushauri wao kwa maandishi, maana barua hiyo itawasaidia mbele ya mfadhili na mbele ya mkandarasi.

Mama wa Ngamiani amejibu:

Mwanangu Mkaazi, mawazo yenu ni mazuri, lakini ninauliza: nani aliyesema watoto wa mjini wanahitaji maktaba ya pili? Maktaba ya Mkoa tunayo, na siku nyingi viti vyake havijai. Je, mmewauliza akina mama wanaouza sokoni, ambao watoto wao wakitoka shule hawana pa kukaa mpaka jioni? Mmewauliza wazee ambao ngazi za ghorofani hawaziwezi tena? Mimi mwenyewe goti langu halinifikishi kwenye hiyo maktaba yenu ya juu, hata ikiwa na vitabu vizuri namna gani.

Na choo. Nimehudhuria mikutano ya jamii katika kumbi nyingi, na mara zote wanaume ndio waliopanga jengo na wanawake ndio walioulizana njia ya kwenda kujisaidia kwa jirani. Choo kiwe chini, kiwe na maji, kiwe na mlango unaofungika, na kiwe na nafasi ya mtu mwenye kiti cha magurudumu. Mkishindwa kukiweka hicho, hiyo nyumba ni ya kutazamwa.

Msomaji wa Banda Street (Nairobi) amejibu:

Naunga mkono swali la Mama, na nitaongeza mfano wa kwetu unaolihusu moja kwa moja.

Maktaba ya McMillan, iliyo katikati ya Nairobi jirani na Msikiti wa Jamia, ilifunguliwa mwaka 1931 na ina simba wawili wa mawe mlangoni. Ilijengwa kwa kumbukumbu ya mlowezi tajiri, na hadi mwaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyepita mbele ya simba wale hakuwa na ruhusa ya kuingia. Mwaka 1962 ilikabidhiwa Baraza la Jiji. Miaka ikapita, paa na samani vikachakaa, magazeti ya zamani yakajaa vumbi, na jengo likawa linajulikana zaidi kwa nguzo zake kuliko kwa vitabu vyake.

Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk kwa lengo la kuifufua, kwa ushirikiano na serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Wengi tulitarajia waanze na jumba kubwa la katikati, kwa kuwa ndilo linalopigwa picha. Wao walianza na matawi yake mawili madogo ya mashariki mwa jiji, la Kaloleni na la Makadara, ambako wasomaji wengi ni watoto wa mitaa ya jirani. Wakawauliza wakazi wanataka nini, wakarekebisha majengo, wakaleta vitabu vya lugha na waandishi wa hapa, wakaweka shughuli za kila wiki, na sambamba na hayo wakaanza kuorodhesha na kuhifadhi kidijitali hazina ya McMillan yenyewe. Kwa maoni yangu uamuzi huo wa kuanza na kidogo ulikuwa wa busara kuliko michoro yote ya wasanifu, kwa kuwa ulizalisha watumiaji kabla ya kuzalisha jengo. Jumba likikamilika bila watu waliolizoea, mlinzi ndiye msomaji wake wa kwanza na wa mwisho.

Ninyi pia mnaweza kufanya hivyo bila kusubiri chokaa ikomae. Baraza la mbele mnalo. Mkishaziba bati na kuthibitisha kwamba roshani iliyo juu yake ni salama, wekeni mkeka na makasha mawili ya vitabu alasiri za Jumamosi, au waombeni wazee waje na picha zao za zamani zipigwe nakala na kuandikiwa majina, tarehe na mitaa. Mtajua ndani ya muda mfupi ni nani anakuja, saa ngapi, na anatafuta nini, na chumba cha kumbukumbu kitakuwa kimeanza kujaa.

Nyongeza kidogo kuhusu chumba hicho. Kumbukumbu za mji zisiwe za waliojenga nyumba peke yao. Pale McMillan historia ya kuzuiwa mlangoni ni sehemu ya jengo sawa na simba wake, na kuificha kungekuwa uongo. Kwenu pia kulikuwa na wenye maduka, na kulikuwa na wachukuzi, madobi, wapishi, na wapangaji wa miaka ya baadaye ambao hakuna mtu aliyewapiga picha. Wengine wao bado wako hai, na kumbukumbu zao zinahitaji kinasa sauti mapema kuliko ukuta unavyohitaji lipu.

Mpita Kivukoni (Dar es Salaam) amejibu:

Swali la tatu, la uendeshaji, limepitwa kidogo, na kwangu ndilo la kwanza. Ukarabati hulipwa mara moja. Umeme, maji, mlinzi, mfagizi, bima, dawa ya mchwa na kupaka chokaa upya hulipwa mwaka hata mwaka.

Boma la Kale la Dar es Salaam, lililo katika barabara ya Sokoine karibu na boti za Unguja, lilijengwa zama za Sultani Majid, mnamo 1866 na 1867, nalo limepitia mikono mingi ya utawala. Lilipokarabatiwa, kwa fedha za Umoja wa Ulaya na ushirikiano wa Chama cha Wasanifu Majengo Tanzania, wataalamu kutoka Berlin na wenyeji wao wa jiji, lilifanywa kituo cha urithi wa usanifu kinachojulikana kwa jina la DARCH, kikafunguliwa mwaka 2017. Ukienda utakuta maonyesho kuhusu namna jiji lilivyokua, utakuta mahali pa kunywa kahawa, na utaweza kujiunga na matembezi ya kuongozwa kupita majengo ya zamani ya katikati ya jiji. Nalitaja kwa sababu ya mpangilio huo: wageni wanaoingia kwa ajili ya kahawa au matembezi wanasaidia kubeba maonyesho ambayo yenyewe hayawezi kujilipia.

Tanga haina watalii wengi kama Dar es Salaam au Unguja, kwa hiyo msiige mgahawa kwa sababu tu wengine wanao. Lakini nyumba yenu tayari ina jibu ndani yake. Umesema chini palikuwa na maduka matatu. Yabakizeni mawili yawe maduka, yapangishwe kwa bei ya soko kwa biashara zisizoharibu jengo: fundi cherehani, duka la vifaa vya shule, mpiga picha. Jiko la kukaangia na kuchomelea vyuma visikubaliwe, kwa hofu ya moto kwenye mbao za juu. La tatu liwe maktaba, chini, kama Msanifu alivyoshauri, na hapo magoti ya Mama yatakuwa yameshughulikiwa pia. Ukumbi uwe juu, ukodishwe kwa semina na shughuli za kifamilia kwa ada, na kwa mikutano ya mtaa utolewe bure siku maalumu zilizoandikwa kwenye kanuni, ili isiwe kila mkubwa anapiga simu kuomba msamaha wa ada.

Kodi ya maduka hayo iingie katika akaunti mbili tofauti, moja ya matumizi ya kila mwezi na nyingine ya matengenezo, na hiyo ya pili isitolewe hata senti moja bila saini za wadhamini watatu. Mkandarasi wenu hatawaambia hivi, wala mfadhili, kwa kuwa wote wawili wanaondoka.

Mkaazi wa Mjini amejibu:

Nawashukuru sana, hasa Mama, ambaye maneno yake nimeyasoma mbele ya kikundi na hakuna aliyethubutu kubisha. Tumekubaliana tuahirishe mkataba na mkandarasi, tufanye upekuzi wa hati, tuombe mfadhili aruhusu fungu la kwanza litumike kwa bati, mifereji na mirunda, na vitabu vishuke chini. Ukumbi ukiwa juu, tutahakikisha mikutano ya wazee inafanyika kwenye chumba cha maktaba baada ya saa za kusoma.

Lakini Msanifu, naomba ufafanuzi kuhusu ile lipu ya saruji iliyopo ukutani. Je, tuibandue yote sasa ili ukuta uanze kukauka, au tuiache mpaka mafundi wa chokaa wapatikane? Mafundi wetu wawili wanatofautiana.

Msanifu wa Mji Mkongwe amejibu:

Wote wawili wana sehemu ya haki. Gongeni ukuta mzima kwa mpini wa nyundo mkisikiliza. Pale panapotoa sauti ya uwazi, lipu imekwisha kuachana na jiwe; hapo ibandueni sasa, kwa mkono na patasi nyembamba, mkianzia usawa wa ardhi na kupanda, maana ndipo maji yanapoingilia. Pale panapotoa sauti nzito, lipu bado imeshika, na kuing'oa kwa nguvu kutaondoka na uso wa jiwe; hapo iacheni hadi msimu wa kiangazi, unyevu utakapopungua. Msitumie mashine ya kutikisa, kwa sababu mtikisiko wake huvunja chokaa iliyo katikati ya ukuta, ambayo hamuioni.

Mahali mtakapobandua, fagieni ule unga wa chumvi kwa brashi kavu na kuutupa nje. Msiuoshe kwa maji, utarudi ndani ya jiwe. Utatoka tena, mtaufagia tena. Mafundi waandike kila mara ulipotoka na kwa wingi gani, kwa sababu sehemu inayoendelea kutoa chumvi wakati nyingine zimetulia huwa na bomba linalovuja nyuma yake au mfereji uliokaa vibaya juu yake, na hapo patengenezwe kwanza kabla ya kufikiria lipu.